Mzigo wa Kitenzi Kimoja: "Say" katika Magazeti ya Kiingereza ya Zamani

Miongoni mwa vitenzi vilivyofanya kazi kubwa katika magazeti ya Kiingereza ya zamani, ni vichache vilivyochunguzwa kwa uangalifu mdogo kama "say", yaani kusema, ambacho hugeuka kuwa "says" katika wakati uliopo na "said" katika wakati uliopita. Msomaji hukipita bila kukiona, kwa kuwa macho yake hukimbilia jina la msemaji au maneno yaliyosemwa, na mwandishi mwenyewe hukiandika kwa mazoea ya mkono. Hata hivyo, kila umbo la kitenzi hicho lilibeba jibu la swali lililomkabili kila mchapishaji tangu habari ilipoanza kuuzwa: ikithibitika kwamba habari hii ni ya uongo, nani atawajibika? Sura hii inafuatilia majibu hayo katika magazeti ya Uingereza na ya Marekani, kuanzia karatasi za habari za miaka ya 1620 hadi mikutano ya waandishi katika Ikulu ya Washington miaka ya 1930, na inashikilia kwamba historia ya uwajibikaji wa magazeti inasomeka vizuri zaidi katika sarufi ya kitenzi hiki kuliko katika matamko ya wahariri kuhusu maadili ya kazi yao.

Umbo la kwanza, na la kale zaidi katika magazeti, ni "it is said", ambalo wanasarufi huliita kauli ya kutendwa, yaani sentensi inayotaja tendo na kumwacha mtenda nyuma ya pazia. Kiswahili kina njia mbili za kulieleza, "inasemwa" na "inasemekana", na tofauti kati yake inasaidia kuelewa kilichokuwa kikifanyika katika Kiingereza. Mtu anaweza kuandika "inasemwa na wazee", kwa sababu kauli ya kutendwa huacha nafasi ya mtenda kutajwa akitakiwa. Lakini "inasemekana na wazee" haikubaliki masikioni, kwa kuwa kauli ya kutendeka humfuta mtenda kabisa, kana kwamba maneno yamejisema yenyewe. Kiingereza hakina umbo la namna hiyo ya pili kwa kitenzi hiki. Mhariri wa London aliyeandika "it is said" alikuwa na kiti kitupu mbele yake, ambacho angeweza kumkalishia mtu mwenye jina, naye akaamua kukiacha hivyo. Uamuzi huo, uliorudiwa mara nyingi kwa wiki, ndio kiini cha mambo yatakayofuata.

Karatasi za kwanza za habari kwa lugha ya Kiingereza hazikuchapwa Uingereza, bali Amsterdam, mwishoni mwa 1620, na zilihusu vita vilivyokuwa vimeanza katika nchi za Wajerumani na Bohemia. Habari zake zilitoka katika barua za wafanyabiashara na katika karatasi za Kiholanzi na za Kijerumani, kwa hiyo kila kipande kilianza kwa jina la mji na tarehe ya barua, kisha yakafuata maneno ya aina ya "barua kutoka Vienna zasema" au "tunasikia". Hapa msemaji ni barua yenyewe. Mchapishaji alijiweka katika nafasi ya tarishi anayekabidhi bahasha, na alikuwa na sababu nzito ya kufanya hivyo, kwani katika 1632 serikali ya Mfalme Charles wa Kwanza ilipiga marufuku uchapishaji wa habari za nje, na marufuku hiyo ilidumu hadi 1638. Aliyekuwa amezoea kusema "barua yasema" alikuwa na la kujitetea kuliko aliyesema kwa kinywa chake.

Elizabeth Mallet, mwanamke aliyeanzisha The Daily Courant mjini London tarehe 11 Machi 1702, aliugeuza mtindo huo wa kujikinga kuwa kanuni ya heshima. Gazeti lake, la kwanza la kila siku kwa Kiingereza, lilikuwa ukurasa mmoja tu, na ndani yake aliwaahidi wasomaji kwamba kila habari itatanguliwa na jina la gazeti la nje ilikotolewa, ili wajue imetoka nchi gani na kwa idhini ya serikali ipi, na kwamba hatatia maoni yake mwenyewe, kwa imani kwamba watu wengine wana akili za kutosha kupima mambo. Ahadi hiyo inastahili kukumbukwa zaidi kuliko inavyokumbukwa. Sheria ya kuwapa wachapishaji leseni ilikuwa imekoma mwaka 1695, magazeti yalikuwa yanaota kila kona, na katikati ya vurumai hiyo Mallet alidai kwamba thamani ya habari inategemea kumjua msemaji wake.

Mahali ambapo kitenzi hiki kilipata matatizo makubwa zaidi ni Bungeni. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 18, wabunge wa Uingereza waliona kuchapishwa kwa hotuba zao kuwa ni kuvunja haki ya Bunge, na tarehe 13 Aprili 1738 Bunge la Makabwela, yaani baraza la wabunge wa kuchaguliwa, lilipitisha azimio la kukataza jambo hilo hata wakati wa likizo ya Bunge. Edward Cave, aliyeanzisha The Gentleman's Magazine mwaka 1731, alitafuta mlango wa nyuma: alianza kuchapisha mijadala ya baraza la nchi ya kubuniwa ya Lilliput, iliyochukuliwa katika riwaya ya Jonathan Swift, akabadilisha herufi za majina ya watu kiasi kwamba waziri mkuu Walpole akawa Walelop. Kila msomaji alielewa. Kati ya 1741 na 1744 mijadala hiyo iliandikwa na kijana maskini ambaye baadaye angetunga kamusi mashuhuri ya Kiingereza, Samuel Johnson, naye hakuwa akihudhuria vikao. Alipewa majina ya waliozungumza, upande walioutetea na hoja mbili tatu zilizookotwa mlangoni, kisha akakaa chumbani na kutunga hotuba kamili, zenye ufasaha ambao wasemaji wengi hawakuwa nao.

Katika maandiko hayo, "alisema" ilitangulia maneno ambayo msemaji hakuyasema. Hotuba moja iliyosifiwa kwa miaka mingi kuwa ni kilele cha usemaji wa William Pitt, wakati huo akiwa mbunge kijana, ilikuwa kazi ya Johnson, ambaye alikiri miaka mingi baadaye, mbele ya watu waliokuwa wakiisifu mezani, kwamba aliiandika katika chumba cha darini kwenye mtaa wa Exeter mjini London. James Boswell, mwandishi wa maisha yake, ameeleza kwamba Johnson aliacha kazi hiyo alipogundua kuwa watu wanaziamini hotuba zile kuwa ni za kweli, kwa kuwa hakutaka kushiriki kueneza uongo. Ikiwa Boswell ameeleza sawasawa, basi Johnson alikuwa ameutambua mpaka ambao wengi wa wakati wake hawakuuona: mradi msomaji anaelewa kwamba "alisema" ni chombo cha sanaa, hakuna aliyedhulumiwa, lakini anapokichukua kitenzi hicho kama ushahidi, mtunzi amekuwa shahidi wa uongo.

Marufuku ya Bunge haikufutwa kwa sheria. Ilikufa kwa aibu. Mwaka 1771 wabunge walipojaribu kuwakamata wapiga chapa waliochapisha mijadala, wakuu wa Jiji la London waliwakinga, na Meya wa Jiji, Brass Crosby, akafungwa katika Mnara wa London huku umati ukimshangilia. Baada ya hapo Bunge halikuthubutu tena kuwafuatia. Bado waandishi walikatazwa kuandika wakiwa ndani ya ukumbi, na kwa sababu hiyo William Woodfall akapata umaarufu na jina la utani la Woodfall mwenye Kumbukumbu, kwani alisikiliza kwa saa nyingi bila kuandika neno, kisha akarudi kuujaza ukurasa baada ya ukurasa.

Ripoti za namna hiyo, na zile za hatimkato zilizofuata, ziliandikwa kwa kauli taarifa, yaani usemi wa mtu mmoja unaosimuliwa na mwingine katika nafsi ya tatu, na hapa sarufi ya Kiingereza ilitoa huduma ambayo Kiswahili hakina. Mswahili akisema "Waziri alisema kwamba fedha zimekwisha", njeo ya kitenzi cha pili, yaani alama ya wakati wake, inabaki ileile aliyoitumia waziri. Katika Kiingereza njeo hiyo hurudishwa nyuma hatua moja: kilichokuwa wakati uliopo huwa uliopita, na kilichokuwa uliopita husogezwa nyuma zaidi. Kutokana na kanuni hiyo, mwandishi wa Bunge aliweza kuandika "said" mara moja tu mwanzoni mwa hotuba, kisha akaendelea safu nzima bila kukirudia, kwa kuwa kila kitenzi kilichorudishwa nyuma kilimkumbusha msomaji kwamba anayesema bado ni mbunge. Mwandishi wa Kiswahili anayefanya kazi hiyohiyo hulazimika kuandika "aliendelea kusema", "aliongeza kuwa", "alifafanua kwamba", la sivyo baada ya sentensi mbili msomaji atadhani gazeti linatoa maoni yake. Wanaolaumu magazeti ya Kiswahili kwa wingi wa "aliongeza" wangefaa kulifikiria jambo hili kabla ya kuwaita waandishi wavivu.

Mtindo huo wa safu ndefu zinazoning'inia kwenye "said" moja ulitawala kumbukumbu zilizochapishwa na familia ya Hansard, ambayo mwaka 1812 ilinunua kazi ya kuchapisha mijadala iliyoanzishwa na William Cobbett mwaka 1803. Faida yake ilikuwa ufupi. Hasara yake ni kwamba hakuna aliyeweza kujua maneno yapi ni ya mbunge na yapi ni ya mfupishaji. Charles Dickens, aliyejifunza hatimkato ya Gurney kwa taabu na kufanya kazi katika jukwaa la waandishi Bungeni mwanzoni mwa miaka ya 1830, alitoka huko na dharau ya kudumu kwa usemaji wa wabunge, na haikosi sababu: alikuwa ametumia usiku mwingi akipunguza maneno yao. Mpaka mwaka 1909, Bunge lilipochukua kazi hiyo mikononi mwake na kuagiza hotuba zote ziandikwe kwa kirefu katika nafsi ya kwanza, ndipo mbunge wa kawaida alipopata haki ya kuandikwa "mimi" katika kumbukumbu za taifa lake.

Sheria nayo ilikuwa na la kusema juu ya kitenzi hiki. Wahariri wengi wa karne ya 19 waliamini kwamba maneno "is said to have", yaani "inasemekana amefanya", yaliwakinga dhidi ya mashtaka ya kashfa, ambayo ni kosa la kumvunjia mtu heshima kwa maandishi. Mahakama haikukubaliana nao. Katika kesi ya De Crespigny na Wellesley, iliyoamuliwa mwaka 1829, ilielezwa kwamba anayechapisha kashfa hawezi kujitetea kwa kusema kuwa aliipokea kwa mtu mwingine, hata akimtaja kwa jina. Kanuni hiyo, inayoitwa kanuni ya kurudia, humchukulia mrudiaji kama msemaji. Upenyo ulipatikana mwaka 1868 katika kesi ya Wason na Walter, iliyohusu The Times, ambapo mahakama iliamua kwamba ripoti ya kweli na ya haki ya mjadala wa Bunge inalindwa, kwa sababu umma una haki ya kujua kinachosemwa na watunga sheria wake. Tangu hapo "said" ya Bungeni ikawa na kinga ambayo "said" ya mtaani haikuwa nayo, na mwandishi mwerevu alijifunza kungoja mpaka uvumi utamkwe ukumbini kabla ya kuuchapisha.

Hata hivyo, matumizi ya kitenzi hiki yenye uzito mkubwa kuliko yote katika magazeti ya zamani hayakuwa katika kurasa za siasa. Yalikuwa katika matangazo madogo ya magazeti ya Marekani, tangu enzi ya makoloni hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865. Gazeti la Virginia, lililoanza kuchapishwa Williamsburg mwaka 1736, gazeti la South Carolina lililoanza Charleston mwaka 1732, na mengine mengi ya Kusini, yalichapisha matangazo ya aina mbili kuhusu watumwa watoro. Aina ya kwanza iliwekwa na wamiliki waliokuwa wakiwatafuta. Ya pili iliwekwa na wasimamizi wa jela waliowashikilia watu wasiojulikana ni wa nani. Katika matangazo ya wamiliki lilijaa neno "said" katika kazi yake ya kisheria, ambapo halimaanishi kusema hata kidogo bali "aliyetajwa", kama vile mtu anavyoandika "mtumwa aliyetajwa hapo juu". Ni ajabu chungu kwamba umbo la kitenzi cha kusema lilitumika kumtambulisha mtu ambaye tangazo halikumpa nafasi ya kusema. Pale mmiliki alipokisia kwamba mtoro atajitetea kuwa ni mtu huru, aghalabu hakuandika kwamba "atasema". Aliandika "pretend", yaani atajifanya, na kwa kitenzi hicho kesi ilikuwa imekwisha kuamuliwa kabla mtu hajapatikana.

Matangazo ya jela yalikuwa tofauti, na tofauti hiyo inatokana na mahitaji ya kazi wala si huruma. Msimamizi wa jela hakumjua mtu aliyemfungia. Ili kumpata mwenye kumdai na kulipwa gharama za chakula na ulinzi, ilimbidi amuulize mfungwa na kuchapisha alichojibu. Ndipo linapojitokeza umbo ambalo limerudiwa katika matangazo yasiyo na idadi: mtu mweusi, mwenye kimo hiki na makovu haya, "who says his name is", yaani "ambaye asema jina lake ni" fulani, na asema ni mali ya fulani wa wilaya fulani. Mara nyingine yalifuata maneno mazito zaidi, kwamba asema alizaliwa huru. Wakati uliopo wa "says" unastahili kuangaliwa. Msimamizi hakuthibitisha wala hakukanusha. Aliacha neno la mfungwa lisimame kama lilivyo, kwa kuwa hakuwa na neno lingine la kulichapisha. Kwa njia hiyo, katika magazeti yaliyomilikiwa na kusomwa na wamiliki wa watumwa, mtumwa alikuwa mtenda wa kitenzi cha kusema mahali pamoja tu penye uhakika, napo ni jela. Na palikuwa na ukimya hata huko: matangazo ya Charleston yaliwataja watu waliofikishwa karibuni kutoka Afrika ambao hawakujua Kiingereza, na kwa hiyo hawakuweza kusema bwana wao ni nani. Hakuna aliyeandika walisema nini kwa lugha zao.

Kwamba matangazo hayo ni ushahidi, wapinzani wa utumwa walilitambua mapema. Theodore Weld, akisaidiwa na mkewe Angelina Grimké na shemeji yake Sarah Grimké, alipitia maelfu ya nakala za magazeti ya Kusini na kukusanya maelezo ya makovu, minyororo, alama za chuma cha moto na masikio yaliyokatwa, ambayo wamiliki wenyewe waliyaandika ili mali yao itambulike. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo, kilichochapishwa mwaka 1839, kilijengwa juu ya uamuzi wa makusudi wa kutotegemea "inasemekana" ya mtu yeyote wa Kaskazini. Anayetaka kukanusha alilazimika kumkanusha mmiliki aliyetia sahihi yake na kulipia tangazo. Dickens, yule mwandishi wa Bunge, aliyachapa matangazo ya namna hiyo moja baada ya jingine katika kitabu chake cha safari ya Marekani cha mwaka 1842, na hakuona haja ya kuongeza mengi. Leo wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Cornell na washirika wao wanaendelea kuyakusanya, na jina la mtu, alilosema mwenyewe ni lake, mara nyingi ndilo neno pekee lililobaki la maisha yake.

Katika miji mikubwa, wakati huohuo, kitenzi hiki kilikuwa kinajifunza kuwafurahisha watu. John Wight wa The Morning Herald la London aliandika ripoti za mahakama ya polisi ya mtaa wa Bow zenye mazungumzo ya walevi, wachuuzi na wanandoa waliogombana, kwa lafudhi zao, zikakusanywa kuwa kitabu mwaka 1824 pamoja na michoro ya George Cruikshank. Na gazeti la The Sun la New York, lililouzwa kwa senti moja kuanzia 1833, liliiga mtindo huo kwa mafanikio makubwa. Kauli halisi, yaani maneno ya msemaji yanayowekwa ndani ya alama za kunukuu, ilikuwa imeingia gazetini kupitia mlango wa maskini, ambao hawakuwa na uwezo wa kushtaki.

Kutoka mahakamani hadi kwenye mahojiano palikuwa na hatua fupi. James Gordon Bennett wa New York Herald alichapisha mwaka 1836 mazungumzo yake na Rosina Townsend, mwenye nyumba ambamo msichana aitwaye Helen Jewett aliuawa, ingawa washindani wake walimshutumu kuyatunga. Mfano ulio thabiti zaidi ni wa Horace Greeley wa New York Tribune, aliyemhoji kiongozi wa Wamormoni, Brigham Young, mjini Salt Lake City tarehe 13 Julai 1859, akauliza kuhusu utumwa na ndoa za wake wengi, na kuchapisha maswali na majibu yakitanguliwa na herufi za kwanza za majina yao. Katika mpangilio huo kitenzi cha kusema kinatoweka kabisa: herufi mbili na kistari zinafanya kazi yake, na hakuna nafasi ya mwandishi kupenyeza kivumishi. Wengi walichukizwa. Jarida la The Nation, chini ya mhariri E. L. Godkin, liliandika mwaka 1869 kwamba mahojiano kwa kawaida ni kazi ya pamoja ya mwanasiasa laghai na mwandishi laghai. Uingereza ilichelewa, lakini mahojiano ya W. T. Stead na Jenerali Charles Gordon, yaliyofanyika Southampton na kuchapishwa katika Pall Mall Gazette tarehe 9 Januari 1884, yalichochea shinikizo lililomfanya Gordon atumwe Khartoum, ambako aliuawa mwaka uliofuata. Haijawahi kuonekana kabla ya hapo kwamba "alisema" ya gazeti moja la jioni inaweza kusukuma sera ya dola.

Telegrafu ilikibana kitenzi hiki kwa bei. Kebo ya kuvuka Atlantiki ilipofunguliwa mwaka 1866, ujumbe wa maneno 20 uligharimu pauni 20, na kebo kutoka Aden ilipofika Zanzibar mwaka 1879, habari za London ziliweza kuingia Unguja bila kungoja meli, lakini kila neno lilikuwa na gharama yake. Lawrence Gobright wa Associated Press, usiku wa tarehe 14 Aprili 1865, alituma taarifa fupi kwamba rais wa Marekani amepigwa risasi katika ukumbi wa michezo na huenda jeraha ni la kuua. Hakuna "inasemekana" ndani yake, na tahadhari yote imebebwa na neno moja la "huenda". Vichwa vya habari vya Marekani vilikwenda mbali zaidi, vikaanza na "says" peke yake bila mtenda, kwa kuwa safu zilikuwa nyembamba na jina la msemaji lingeweza kungoja mstari wa chini.

Waliokuwa na nafasi ya kutosha waliingia katika kosa la upande wa pili, la kukikimbia kitenzi chenyewe. Ndugu wawili, H. W. na F. G. Fowler, katika kitabu chao cha matumizi ya Kiingereza cha mwaka 1906, waliyakemea mazoea ya waandishi ya kubadilisha maneno ili tu wasirudie, nao wengi hulitaja kosa hilo kana kwamba ni la urembo. Ni zaidi ya urembo. Mwandishi anayeandika "admitted", yaani alikiri, ameashiria kwamba palikuwa na hatia. Anayeandika "claimed", yaani alidai, ameashiria kwamba haamini. Na mtuhumiwa aliyetamka maneno yaleyale hutoka katika gazeti moja akiwa mkosaji na katika jingine akiwa mwongo. Jarida la Time, lililoanzishwa mwaka 1923, liliongeza mtindo wa kugeuza sentensi kinyumenyume, kitenzi kikitangulia mtenda, hadi The New Yorker likalifanyia mzaha wa kukumbukwa mwaka 1936. Dhidi ya mapambo hayo yote, "said" inabaki na sifa ambayo wahariri wakali waliitetea kwa haki: haitoi hukumu.

Serikali, kwa upande wake, ilijifunza kwamba anayeshika mtenda wa kitenzi hushika habari. Rais Calvin Coolidge, aliyetawala Marekani kuanzia 1923 hadi 1929, alikutana na waandishi mara kwa mara lakini hakuruhusu anukuliwe, kwa hiyo magazeti yakaandika kwamba amesema hivyo "msemaji wa Ikulu", mtu ambaye hakuwepo. Kila mwandishi chumbani alimjua aliyesema. Msomaji pekee ndiye aliyefichwa. Franklin Roosevelt, katika mkutano wake wa kwanza na waandishi akiwa rais, tarehe 8 Machi 1933, aliweka ngazi: maneno yake yasinukuliwe moja kwa moja isipokuwa msaidizi wake Stephen Early ametoa ruhusa kwa maandishi, mambo mengine yaandikwe bila kutaja kwamba yametoka Ikulu, na mengine yasiandikwe kabisa, wala yasisimuliwe hata kwa mhariri. Waandishi waliohudhuria walipiga makofi. Walikuwa wamepewa zaidi ya walichopata kwa marais waliotangulia, na kwa kupokea walikubali pia kwamba, kabla ya kuandika "alisema", watamuuliza msemaji kama alikuwa amesema.